Aliniletea popoo nimsagie

Gunia lilikuwa dogo ila zito. Jamaa akalitua juu ya mzani, akafungua kamba mwenyewe, akachota popoo mbili, zile mbegu ngumu za mpopoo wanazotafuna wazee, akazigonganisha karibu na sikio langu. "Sikia hiyo dada. Kavu kabisa. Mimi nataka unga, laini, mtu akiweka mdomoni asisikie hata chenga."

Nikamuuliza ni ya nini, maana watu wananiletea vitu vya kila aina, mizizi, magome, maganda ya machungwa, na huwa nauliza kwanza kabla sijawasha mashine.

"Ya vipakiti," akasema. "Nachanganya na hiliki, sukari ya kusaga, mentoli kidogo, nauza jero jero. Vijana wa boda, makonda, madereva wa usiku. Na haina tumbaku, usiwe na wasiwasi."

Oda yenyewe ya kila wiki.

Nikamwambia aniachie bakuli moja nijaribu, gunia aondoke nalo, nitampigia. Hiyo simu ilichukua wiki kadhaa kupigwa na ndiyo sababu ya makala hii.

Bakuli moja

Wanaonifuatilia humu mnajua kazi yangu, fremu ya kusaga viungo pale Buguruni, pilau masala, mdalasini, tangawizi kavu, binzari. Popoo nimeiona tangu mtoto ila kuisaga kwa biashara sijawahi, na kitu nisichokijua huwa nakikalia chini kwanza.

Ukienda Kariakoo au kwenye maduka ya Kisutu ukaulizia supari, yaani popoo hiyohiyo, utaonyeshwa aina kadhaa, nzima, iliyokatwa vipande, iliyokwanguliwa nyembamba, na ile nyekundu. India ndiyo inalima nyingi kuliko nchi yoyote, na kule Karnataka kuna njia mbili kubwa za kuitengeneza. Iliyoivia mtini mpaka ganda likawa la rangi ya chungwa inaanikwa nzima juani siku kama arobaini, inageuzwageuzwa, ndipo inamenywa, hiyo ndiyo nyeupe. Nyingine inachumwa ikiwa bado kijani, inamenywa, inakatwa, inachemshwa, na yale maji mazito ya kuchemshia ndiyo yanaipa wekundu na mng'ao. Ya Unguja na Pemba mimi naijua zaidi ikiwa na ganda lake, ndugu akipanda boti kuja huku anatia chache kwenye mfuko kwa ajili ya wazee.

Ya jamaa ilikuwa nyeupe, nzima. Huwezi kuimwaga hivyo kwenye mashine ya viungo, vyuma vitakwisha na mota itaungua. Kwa hiyo nikaazima mkasi wa bibi wa kukatia popoo, ule wa shaba wenye mpini uliopauka kwa kushikwa, nikaanza kupasua moja moja.

Popoo nzuri ukiipasua utapenda. Ndani ina mistari, kahawia na nyeupe, imejikunja inaingiliana, na hakuna mbili zinazofanana. Mbaya unaijua hapohapo, katikati pameingia weusi, au kuna unga wa kijivu, au kijinjia cha mdudu kimetoka upande hadi upande. Kwenye bakuli lile zilikuwepo zote, nzuri na mbaya, na kwa nje sikuona tofauti, zote zilikuwa safi na zote zingegongana vizuri vilevile sikioni.

Nikazitenga. Nikatwanga kila fungu kwenye kinu mpaka zikawa chenga, nikasaga kidogo kidogo huku naipumzisha mashine maana popoo inapandisha moto haraka, nikachekecha, zilizobaki nikazirudisha. Vumbi lake si la mchezo. Nilivaa barakoa na bado ule ukakasi ulinikamata koo mpaka jioni, na mashine ilibidi niisafishe kwa kusagia mchele mkavu mara mbili ndipo nikathubutu kuweka hiliki ya mteja mwingine.

Halafu nikaweka unga kwenye visahani viwili chini ya taa, wa popoo nzuri huku, wa popoo mbovu kule.

Sikuweza kuutofautisha.

Nikamwita binti anayenisaidia, naye akashindwa. Tukachanganya na hiliki kama jamaa alivyosema, hata ile harufu kidogo ya uvundo iliyokuwepo kwenye kisahani kimoja ikapotea.

Kilichonikaa kichwani

Usiku ule nililala navyo vile visahani.

Sisi sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, tunaijua. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na tangu hapo kila semina ya wasindikaji wadogo utasikia kausha vizuri, chambua, usiweke chini. Popoo nayo ni zao la kuanikwa, ikikaushwa nusunusu inaota ukungu uleule. Mzee anayekata popoo yake kwa mkasi anaiona kabla haijaingia mdomoni. Kijana wa boda pale kijiweni anararua kipakiti kwa meno, anamimina, anaendelea na safari. Yeye ataona nini?

Lakini nikajibishana mwenyewe. Si hata pilipili ya unga ni hivyohivyo? Si hata binzari? Mteja wangu wa pilau masala naye haoni nilichosaga, ananiamini mimi nimechambua. Basi popoo nayo nichambue, nitupe mbovu, nisage nzuri peke yake, nimpe jamaa unga safi kuliko wa mtu yeyote hapa mjini. Hapo shida iko wapi?

Kwa siku kadhaa hili jibu lilinitosha kabisa. Nilishaanza mpaka kupiga hesabu ya kununua mashine ndogo ya popoo tu isichanganyikane na viungo.

Halafu nikaanza kusoma kuhusu popoo yenyewe, ile nzuri, yenye mistari.

Ile nzuri

Kwanza niseme wazi kwamba sitaki mtu asome hapa aone nawadharau wazee wetu. Popoo na tambuu, lile jani linalopakwa chokaa na kukunjiwa popoo ya kutafuna, ziko pwani hii kabla ya nchi hizi kuwa nchi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani ya tambuu na popoo kabla ya kitu kingine, ndivyo mgeni alivyopokelewa kwa heshima. Nyumba nyingi tulizokulia, kijaluba, kile kisanduku kidogo cha popoo na tambuu, kilikuwa kinafunguliwa na maneno mazito yanaanza kuzungumzwa, posa, ugomvi wa ndugu, mirathi. Hiyo ni heshima kweli na mimi nimelelewa ndani yake.

Ila shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lile lenye makao Lyon, Ufaransa, lilishasema mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku inasababisha saratani. Watu wengi wakabaki na hilo, kwamba shida ni tumbaku. Mwaka 2004 likatoka jingine, na hili ndilo lililonifanya nifunge simu niweke pembeni: popoo yenyewe, bila tumbaku, imewekwa kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilohilo ndilo la tumbaku.

"Haina tumbaku, usiwe na wasiwasi."

Ndani ya popoo kuna kitu kinaitwa arekolini. Ndicho kinachomfanya mtu asikie joto, jasho jembamba, mate yanajaa, usingizi unakimbia, na ndicho kinachomrudisha kesho kutafuta nyingine. Chokaa ikiingia inakifanya kipenye haraka zaidi kwenye nyama ya mdomo. Na popoo ikikaa shavuni miaka, ile nyama laini ya ndani inaanza kujijaza nyuzi ngumu. Inapauka, inakakamaa, mdomo unaanza kugoma kufunguka, pilipili kidogo tu inaunguza. Madaktari wanauhesabu ugonjwa huu kama hatua ya kuelekea saratani kwa baadhi ya watu, na ile nyama ikishakakamaa hairudi kuwa ilivyokuwa.

Mnajua ulielezwa kwanza kutokea wapi? Kwa jirani zetu. Mwaka 1952 daktari mmoja aliandika kuhusu wanawake watano wa Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya, midomo yao ilikuwa inakaza.

Sasa njoo kwenye unga. India ndiko vipakiti vilikoshika kasi, miaka ya sabini kuja huku, na watafiti wa kulekule wakaona wanaotumia popoo kavu ya vipakiti wanafika kwenye ule ugonjwa wa kukaza mdomo mapema kuliko wanaotafuna tambuu ya kukunjwa. Sababu mojawapo ni kwamba kwenye tambuu kuna jani, kuna maji, popoo ni sehemu tu, wakati kwenye kipakiti karibu chote ni popoo kavu. Kuanzia mwaka 2012 majimbo ya India yakaanza kupiga marufuku ile yenye tumbaku. Wafanyabiashara wakafanya nini? Wakatenganisha. Kipakiti cha popoo huku, kipakiti cha tumbaku kule, vinauzwa pamoja, mnunuzi anachanganya mwenyewe mkononi.

Hiyo habari niliisoma nikiwa kwenye daladala na nikamwona yule jamaa na gunia lake. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Nadhani anaona biashara, kama mimi ninavyoona biashara kwenye binzari. Lakini vijana wa kijiwe cha boda karibu na fremu yangu tumbaku ya kunyonya tayari wanayo mfukoni. Kipakiti changu kingekutana nayo humo humo.

Bibi

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Pemba, yuko Magomeni miaka mingi, na popoo ametafuna tangu kabla mama hajazaliwa. Meno yameshakwisha. Popoo yake anaiponda kwenye kikinu kidogo cha shaba, anachota kwa kidole.

Kwa hiyo nilipopeleka mkasi kurudisha nilikuwa na swali la kweli. Yeye anakula popoo iliyopondwa kila siku. Tofauti yake na kipakiti ni ipi, au mimi ndiye nimeanza kutafuta sababu?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza habari ya jamaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akashika kile kikinu akakiweka mapajani.

"Popoo haisagwi ikawekwa," akasema. "Popoo yapondwa saa ile ile ya kuitia mdomoni. Naikata, naitazama. Ikiwa mbovu naitupa. Ukinletea unga nitaitazama vipi mie?"

Nikasema ndiyo, hilo nimeliona. Akaendelea.

"Na jengine. Kuikata kwataka kukaa. Huwezi kuikata popoo na huku wenda. Sasa huyo mwenye pikipiki akiipata tayari ataila mara ngapi kwa siku?"

Hapo alinigusa mahali ambapo kusoma kwote kule hakukunifikisha. Kazi ya kupasua, kuponda, kukunja jani, kupaka chokaa, yote ile ilikuwa inamwekea mtu kipimo bila mwenyewe kujua. Mashine yangu kazi yake ni kuiondoa ile kazi, ndicho watu wanachonilipia. Kwenye mdalasini ni msaada mkubwa. Kwenye kitu ambacho usumbufu wake ndio breki, mimi ninakuwa mtu wa kukata breki.

Vidole vitatu

Tukiwa pale nikamwomba kitu. Nilishasoma kwamba kuna kipimo rahisi, mtu mzima afungue mdomo, asimamishe vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, aviingize kati ya meno ya juu na ya chini, au ufizi kwa asiye na meno. Kwa kawaida vinapita.

Bibi akacheka, akafungua mdomo. Viwili vikaingia kwa shida. Cha tatu kikakataa.

Akajaribu tena, safari hii hakucheka.

"Umekaza siku nyingi," akasema. "Uzee."

Na kweli nyumbani wote tulikuwa tunajua bibi anakula kwa kijiko kidogo, bibi hataki pilipili siku hizi, bibi mchuzi wake unatolewa kabla ya kutiwa viungo vikali, na mama aliyapanga hayo yote kwa upendo kabisa kama mambo ya mtu mzima. Nilichukua tochi ya simu nikaangalia ndani ya shavu. Palikuwa peupe, pamevutika, na kwa kidole pakawa pagumu kama kamba imepita chini ya ngozi.

Tulimpeleka kwa daktari wa meno, ambaye baada ya kumtazama kwa muda mrefu alisema maneno yaleyale niliyokuwa nimeyasoma, ila yanavyosikika ukiwa umekaa na bibi yako pembeni ni tofauti sana. Akachukua kinyama kidogo kupima. Majibu yalirudi hakuna saratani, ila ugonjwa wa kukaza upo, na akataka awe anamwona mara kwa mara, na popoo iachwe. Akampa mazoezi ya kufungua mdomo asubuhi na jioni. Bibi akamuuliza kwa adabu, "Mwanangu, miaka yote hii nikiacha leo yafaa nini?" Daktari akamjibu kwamba kinachokazwa kesho ndicho anachotaka kukizuia. Nilimpenda kwa jibu lile, hakumgombeza.

Jero jero

Kuna watu watauliza, na wana haki, kama kweli nilihitaji wiki zote hizo kwa jambo lililo wazi hivyo.

Nilizihitaji. Kodi ya fremu inalipwa miezi sita kwa mkupuo na ilikuwa inakaribia. Umeme wa Luku unakula. Msimu wa sikukuu ukipita viungo vinalala, na oda ya kila wiki ya mteja mmoja mwenye uhakika ni kitu ambacho wasindikaji wadogo tunakiota. Binti ninayefanya naye kazi ana mtoto. Ukiwa na mahesabu hayo mezani, kichwa kinakuwa hodari sana kutafuta njia. Nilifika mpaka kujiambia mimi nasaga tu, siuzi, kipakiti si changu, jina langu halimo.

Na ile hoja nyingine, kubwa kuliko zote, aliisema jamaa mwenyewe nilipompigia.

"Dada, usiposaga wewe atasaga mwingine."

Ni kweli. Kutoka kwangu mpaka Ilala naweza kuhesabu mashine ambazo zitachukua gunia lile bila kuuliza swali. Sikuwa na la kumpinga hapo na sikujaribu. Nilimwambia mimi sitasaga, nikamweleza kwa nini, nikamwambia habari ya mwaka 2004, kwamba hata bila tumbaku, nikamwambia na habari ya bibi. Kimya kikawa kirefu, nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "Hivyo vidole ni vitatu vipi?"

Nikamwelekeza. Nikasikia anaweka simu chini.

Aliporudi akasema vyake vinaingia. Yeye mwenyewe huwa anaonja bidhaa yake kila siku, miaka miwili sasa. Nikamwambia aende akaangaliwe hivyohivyo. Hakuniahidi kitu, na gunia sijui limeishia wapi. Ile popoo ya bakuli nilimlipa bei yake kwa simu, akajibu "poa dada", basi.

Tangu hapo nimeanza kuwauliza vijana wa kijiweni wanapokuja kunywa chai pale jirani. Siwahutubii, nawaambia tu hebu fungua mdomo weka vidole, wanaona ni mchezo, wanashindana. Mmoja, dereva wa usiku, kijana kabisa, vilikwama. Nimempa namba ya yule daktari. Kama uko Dar na una mtu wa aina hii nyumbani, mzee wa kijaluba au kijana wa vipakiti, madaktari wa kinywa na meno wapo Muhimbili na kwenye hospitali nyingi za wilaya, na kuangaliwa mdomo hakuumi. Ukiona doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kimezidi wiki mbili, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Bibi kwa sasa kikinu chake anapondea hiliki na karafuu moja, na jani la tambuu tupu, bila chokaa. Kuna siku anakasirika na wote tunajua ni kwa sababu gani. Binamu yangu alimletea popoo mbili kutoka Wete kwa siri na mama akazikuta chini ya mto. Wiki ijayo tuna kliniki tena, na bibi ameshatangaza kwamba atamuuliza daktari kama Idi anaruhusiwa kipande kimoja. Nimemwambia amuulize mwenyewe, mimi kwenye hilo simsemei.